Mwongozo Kamili wa Kutembelea Atelier des Lumières, Ukumbi wa Sanaa ya Mwanga Jijini Paris

Atelier des Lumières ni ukumbi ulioko namba 38 katika mtaa wa Saint-Maur, wilaya ya 11 ya Paris, ambamo kazi za wachoraji mashuhuri hurushwa kwa projekta juu ya kuta, nguzo na sakafu, huku muziki ukisikika kutoka kila upande. Hakuna mchoro wa asili uliotundikwa humo. Anayekwenda akitarajia makumbusho ya kawaida, yenye fremu, vibao vya maelezo na walinzi waliokaa vitini, atatoka akinung'unika. Anayekwenda akijua kwamba anaingia kwenye onyesho lenye mwanzo na mwisho, linalorudiwa tangu asubuhi hadi kufunga, atajua namna ya kuutumia muda wake na fedha yake. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini, kuanzia saa ya tiketi hadi mahali pa kukaa, unatokana na tofauti hiyo.

Ujue jengo kabla ya onyesho

Mwaka 1835 ndugu wa familia ya Plichon walijenga hapa kiwanda cha kusubu chuma, kilichotengeneza vipuri vya meli za kivita na vya reli wakati ambapo Ufaransa ilikuwa ikipanua vyote viwili kwa kasi. Familia hiyo ilikiendesha kwa vizazi vinne, hadi mtikisiko wa uchumi wa 1929 ulipokifunga. Mwaka 1935 jengo lilinunuliwa na familia ya Martin, ambayo ilifanyia humo biashara ya mashine za karakana hadi mwaka 2000. Bruno Monnier, mwanzilishi wa kampuni ya maonyesho ya sanaa ya Culturespaces, alilikuta likiwa tupu mwaka 2013, na milango ikafunguliwa kwa umma tarehe 13 Aprili 2018 kwa onyesho la Gustav Klimt.

Historia hiyo ina faida ya moja kwa moja kwa mgeni. Bomba la moshi la matofali, tangi la duara, bwawa la maji na nguzo za chuma vimeachwa mahali pake, na waandaaji huvitumia kama sehemu ya turubai, kwa hiyo mchoro haukuzunguki kama pazia lililonyooka bali hukatika, hupinda na kujitokeza tena nyuma ya kitu kingine. Kuta zina urefu wa mita 10 hivi kwenda juu, na eneo lote linalopokea mwanga hufikia mita za mraba 3,300, likihudumiwa na projekta 140. Kila projekta hubeba kipande kimoja tu cha taswira. Kompyuta hufifisha mwanga pale vipande viwili vinapokutana, ili jicho lisione mshono. Kwa kuwa mwanga huja kutoka juu kwa kuinama, unaweza kutembea katikati ya ukumbi bila kumkinga mtu, lakini ukiusogelea ukuta kupita kiasi kivuli chako kitaangukia mchoro, nao walioko nyuma yako watakushukuru kwa kurudi nyuma hatua tatu.

Hatua ya kwanza: chunguza ni nani anayeonyeshwa

Onyesho hubadilishwa mara kwa mara, kwa kawaida likidumu miezi mingi au karibu mwaka mzima. Baada ya Klimt alikuja Van Gogh mwaka 2019, kisha Dalí mwaka 2021 akiambatana na programu fupi ya Gaudí, na Cézanne mwaka 2022 akiambatana na Kandinsky. Muundo huo wa programu ndefu, ya dakika 30 hadi 40 hivi, ikifuatwa na fupi ya dakika 10 hivi, ndio uliozoeleka, na ndio unaoamua utakaa humo muda gani.

Si kila mchoraji anafaidika na ukubwa. Van Gogh anafaidika sana, kwa sababu mpigo wake wa brashi ni mzito na wenye mwendo, na ukikuzwa hadi mita 10 unaona jinsi rangi ya samawati ilivyolazwa kando ya njano bila kuchanganywa. Klimt naye anafaidika, kwa kuwa dhahabu yake na mapambo yake yanayojirudia hujaza kuta kana kwamba yalichorwa kwa ajili hiyo. Cézanne, kwa maoni yangu, hupoteza: nguvu yake iko katika utulivu wa vitu vilivyopangwa mezani, na tufaha linaloviringika sakafuni kwa kufuata muziki si tena tufaha lake. Ukiwa na hiari ya tarehe, subiri mchoraji wa rangi na mwendo.

Jioni moja kabla ya safari, tazama mtandaoni kazi kumi hivi za mchoraji husika ukisoma jina, mwaka na mahali kila moja ilipo. Ndani ya onyesho picha hupita bila maelezo, zikiyeyuka moja katika nyingine, na asiyekuwa na maandalizi yoyote huona uzuri mtupu ambao baada ya wiki moja hawezi kuusimulia.

Hatua ya pili: viza kwanza, tiketi baadaye

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen ili kuingia Ufaransa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inapaswa kugharimia matibabu ya angalau euro 30,000. Siku 15 ni kima cha chini cha kisheria tu. Wakati wa likizo za Julai na Agosti miadi ya kuwasilisha maombi hujaa mapema, hivyo miezi miwili au mitatu ni muda wa busara zaidi. Mwenye kibali cha kuishi Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza ya ziada kwa matembezi mafupi, lakini kibali cha kuishi Uingereza peke yake hakimwingizi mtu Ufaransa, jambo ambalo huwakuta wengi wakiwa tayari wamelipia treni.

Tiketi ya ukumbi inunuliwe kwenye tovuti rasmi ya ukumbi wenyewe, na inunuliwe baada ya viza kuthibitishwa. Utaona wauzaji wengine wanaoifungasha pamoja na safari ya boti au ziara ya basi. Bei yao huwa juu, na kubadilisha tarehe kwao huwa na usumbufu. Tovuti huonyesha siku na nafasi za saa, pamoja na punguzo la wanafunzi, watoto na familia, na mwenye kustahili punguzo aje na kitambulisho chake mkononi. Mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo za shule usitegemee kupata tiketi mlangoni.

Zingatia pia kwamba saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya Kizungu na ya mzunguko wa saa 24. Tiketi inayosema 14:30 ni ya saa nane na nusu mchana, na inayosema 10:00 ni ya saa nne asubuhi. Kwa kundi la ndugu ambao wengine wamezoea hesabu moja na wengine nyingine, aandike mtu mmoja saa zote kwa njia zote mbili katika ujumbe utakaotumwa kwa kila mmoja.

Hatua ya tatu: chagua saa

Nafasi bora ni ya kwanza asubuhi siku ya kazi, isiyokuwa ya likizo ya shule. Ukumbi ukiwa na watu wachache sakafu huonekana, na sakafu ni theluthi ya onyesho. Ukijaa, maua yanayopita chini yanakanyagwa na viatu mia mbili, na unabaki na kuta tu. Alasiri ya Jumatano huwa na watoto wengi, kwa kuwa shule nyingi za msingi za Ufaransa hupunguza masomo siku hiyo. Nafasi za jioni, zinapokuwepo, ni chaguo la pili zuri.

Tiketi hukupa saa ya kuingia, si saa ya onyesho kuanza, na ukishaingia huondolewi hadi ukumbi ufungwe. Kwa hiyo tenga saa mbili kamili. Anayetenga dakika 45 ili akimbilie mnara wa Eiffel atakuwa ameona nusu ya mwisho ya onyesho ikifuatiwa na nusu ya kwanza, kisha atasema halina mpangilio.

Hatua ya nne: kufika

Vituo vya metro vilivyo karibu ni Saint-Ambroise na Voltaire kwenye njia ya 9, Rue Saint-Maur kwenye njia ya 3, na Père Lachaise kwenye njia za 2 na 3. Kutoka chochote kati ya hivyo ni mwendo wa miguu wa dakika kumi au pungufu. Anayetoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle apande treni ya RER B hadi Gare du Nord, apite njia ya chini inayounganisha kituo hicho na La Chapelle, kisha apande njia ya 2 kuelekea Nation na kushuka Père Lachaise. Tunza tiketi yako hadi utoke nje kabisa, kwa sababu wakaguzi hupenda kusimama kwenye njia za kutokea, na faini yao haijali kwamba wewe ni mgeni.

Wanaoishi Brussels, wakiwemo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, wanaweza kwenda na kurudi siku moja, kwani treni ya kasi hutumia chini ya saa moja na nusu na huingia Gare du Nord moja kwa moja. Begi kubwa la safari liachwe kwenye makabati ya kufuli ya kituo hicho. Mlangoni mwa ukumbi mifuko hukaguliwa na mabegi makubwa hayaruhusiwi.

Hatua ya tano: mavazi

Hili huonekana dogo, lakini katika ukumbi huu nguo yako ni sehemu ya turubai. Kitambaa cheupe au cha rangi hafifu hupokea mwanga vizuri, na mtu aliyevaa kanzu nyeupe au dera la krimu akisimama mbali kidogo na ukuta hufunikwa na mchoro mwili mzima. Nguo nyeusi humeza mwanga. Kanga au kitenge chenye maua makubwa hushindana na mchoraji, na mara nyingi hushinda.

Viti ni vichache, na watu wengi huketi chini, hivyo vaa nguo inayokuruhusu kukaa sakafuni kwa staha na kuinuka bila taabu. Wakati wa baridi joto la ndani ni la kutosha, nawe utalibeba koti mkononi kwa saa mbili. Koti jepesi juu ya fulana nzito ni afadhali kuliko koti moja kubwa.

Hatua ya sita: ndani ya ukumbi

Ukivuka pazia la kuingilia, simama. Macho yanayotoka kwenye mwanga wa mchana huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na watu wengi hujikwaa kwa watoto waliokaa chini kwa sababu ya kuharakia katikati. Kaa kando hadi uanze kutambua nguzo, ngazi na kingo.

Yaelekea utakuwa umeingia onyesho likiwa katikati. Usilihesabu hilo kuwa hasara: lichukue kama muda wa kulizoea jengo, ukizunguka polepole ukiangalia tangi liko wapi, ngazi ya kwenda juu iko wapi, na pembe ipi haina msongamano. Programu fupi ikimalizika na taa kubadilika kabla ya ile ndefu kuanza upya, uwe tayari umekaa.

Mzunguko wa kwanza kamili uutazame ukiwa chini, karibu na kati lakini mgongo ukiegemea kitu, ukiwa na ukuta mrefu mbele yako na mwingine pembeni. Usigeuze kichwa kufuata kila kitu. Waandaaji huanzisha mwendo upande mmoja na kuupeleka mwingine, na jicho lililotulia huuona unapowasili. Jicho linalokimbizana nao huchoka kabla ya dakika kumi. Sikiliza pia. Muziki hapa si pambo la nyuma, kwani mabadiliko ya picha yamepangwa kwa mapigo yake, na katika onyesho la Dalí waandaaji walitumia nyimbo za Pink Floyd kwa namna iliyoeleza michoro kuliko maneno ambayo yangeandikwa ukutani.

Mzunguko wa pili panda ngazi. Kutoka juu unaiona sakafu kama mchoro mmoja, na watu waliokaa juu yake wanageuka kuwa sehemu ya kazi. Wengi huondoka kabla ya mzunguko huu. Mimi naona ndio bora kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa unajua kinachokuja na unaweza kuangalia kilivyotengenezwa: ni kipande gani cha mchoro kilichukuliwa, kipi kiliachwa, na wapi msanii wa kisasa ameongeza mwendo ambao mchoraji hakuuweka.

Baina ya mizunguko, ingia ndani ya tangi la duara. Humo ndimo kazi zilizotumika zimekuwa zikionyeshwa zikiwa kamili, bila kukatwa wala kusogezwa, na ndimo utakapokumbuka kwamba ule msitu uliokuzunguka ulikuwa pembe ndogo ya turubai moja. Kuna pia chumba cha pembeni kiitwacho Studio, kilichotengwa kwa wasanii wa sasa wa kidijitali; kitazame kwa dakika chache na uamue mwenyewe.

Watoto, wazee na wenye matatizo ya kiafya

Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga unaomweka awasiliane na ukumbi kabla ya kununua tiketi, na ashauriane na daktari wake. Kwa wengine, tatizo la kawaida ni kizunguzungu pale sakafu inapoanza kutiririka. Dawa yake ni kukaa, kuweka kiganja sakafuni na kufumba macho kwa muda. Mwili ukihisi kwamba ardhi imetulia, kichefuchefu hupungua. Kusimama na kukazia macho sehemu nyingine hakusaidii, kwa kuwa kila sehemu inatembea.

Watoto wa miaka minne na kuendelea hufurahi kuliko watu wazima, wakikimbiza samaki na maua sakafuni. Walio wadogo zaidi hutishwa na sauti kubwa na giza, basi mkae karibu na njia ya kutokea katika dakika za mwanzo. Mtoto avae kitu cheupe ili umwone. Mzee asiyeweza kukaa chini aombe msaada wa wahudumu mapema ili apate benchi kabla hazijajaa.

Picha na video

Picha huruhusiwa bila flashi na bila mguu wa kamera. Mzunguko wa kwanza simu ikae mfukoni. Utakuwa na wa pili kwa kazi hiyo. Punguza mwanga wa kioo cha simu hadi mwisho, kwa sababu kioo king'aavyo gizani huwaudhi watu wote walioko nyuma. Gusa sehemu yenye mwanga zaidi ya picha kisha ushushe mwangaza kidogo, la sivyo simu itajaribu kulifanya giza liwe mchana na rangi zote zitafifia. Mtu anayepigwa picha asimame mbali na ukuta, ama akiwa kivuli cheusi mbele ya rangi, ama akiwa amevaa nguo nyeupe na mchoro ukimwangukia. Kumtafuta uso wake gizani ni kujisumbua. Video fupi za sekunde 15 huhifadhi mwendo vizuri kuliko picha ishirini. Watoto wa watu wengine wasiingie ndani ya fremu yako.

Kama Paris iko mbali nawe

Culturespaces inaendesha kumbi za aina hii pia kusini mwa Ufaransa: Carrières de Lumières, tangu 2012, ndani ya machimbo ya zamani ya chokaa huko Les Baux-de-Provence, ambako ni baridi hata wakati wa kiangazi na sweta ni la lazima, na Bassins des Lumières huko Bordeaux, iliyofunguliwa mwaka 2020 ndani ya kituo cha nyambizi kilichojengwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambako maji ya mabwawa huurudisha mwanga na kuuongeza maradufu. Hatua zilizoelezwa hapa zinafaa huko pia.

Kwa wasomaji walioko Oman na Imarati, kimoja kilicho karibu ni teamLab Phenomena, kilichofunguliwa Aprili 2025 kwenye kisiwa cha Saadiyat, Abu Dhabi, chenye ukubwa wa mita za mraba 17,000. Hicho ni kitu cha aina nyingine. Kazi za teamLab, kundi la wasanii la Japani, hazirekodiwi zikarudiwa; kompyuta huzizalisha papo hapo na nyingi hubadilika kwa kuguswa au kukaribiwa na mgeni. Ushauri wa mizunguko miwili haufanyi kazi huko: tembea, gusa, subiri uone kinachobadilika.

Hatua ya mwisho: kazi za asili

Anayetoka Atelier des Lumières akaondoka Paris bila kuona turubai halisi amefanya nusu ya safari. Kama onyesho lilikuwa la Van Gogh, nenda makumbusho ya Musée d'Orsay ukatafute usiku wa nyota juu ya mto Rhône, alioupaka mwaka 1888, wenye upana usiofika hata mita moja. Ule mchoro mwingine wa usiku wa nyota, wa mwaka 1889, usiutafute Paris, kwani uko New York. Kama ni Chagall, inua macho kwenye dari ya jumba la opera la Palais Garnier, aliyoipamba mwaka 1964.

Lakini mchoraji yeyote awe ameonyeshwa, usiyakose makumbusho ya Orangerie. Mchoraji Monet alilitunukia taifa la Ufaransa michoro yake ya mayungiyungi ya maji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nayo yakawekwa mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo chake, katika vyumba viwili vya umbo la yai: kazi nane, za kimo cha mita mbili hivi na urefu wa jumla unaokaribia mita 100, zikimzunguka mtazamaji pande zote chini ya mwanga wa mchana unaopenya darini. Wazo la kumweka mtu ndani ya mchoro lilikuwa limekwisha kutimizwa kwa mafuta na turubai miaka 91 kabla ya projekta za mtaa wa Saint-Maur kuwashwa, na anayekaa kwenye benchi la Orangerie baada ya kutoka kule atajua vizuri zaidi ni kipi teknolojia imeongeza na ni kipi imeshindwa kukifikia.

Pangeni siku kwa uangalifu. Orsay hufungwa Jumatatu, Orangerie hufungwa Jumanne, na Alhamisi Orsay hubaki wazi hadi saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo inayofaa: ukumbi wa mwanga nafasi ya kwanza asubuhi, chakula cha mchana, Orangerie alasiri, kisha kuvuka mto Seine kwa miguu hadi Orsay wakati makundi ya watalii yanaanza kuondoka.